Hodi Kwenye Nguzo

Juzi binti yangu alikimbilia bembea ya ploti yetu mpya. Nilimzuia, nikagonga nguzo na kuitegea sikio.

Nilipokuwa mtoto, Baba, fundi wa reli, alitujengea bembea ya mbao nyuma ya nyumba. Kila mvua ikiisha aliipaka oili chafu miguuni, kisha akaigonga kwa nyundo, sikio limebanwa kwenye mbao. Niliamini mle anaishi mtu, na Baba anampigia hodi.

Alasiri moja hatukungoja amalize. Mdogo wangu Wekesa alipanda, nikawa namsukuma. Baba akagonga nguzo ya pili. Ikalia kama debe tupu.

“Wameingia,” akanong’ona. “Nafula, acha kusukuma. Wekesa, usiruke, baba. Tulia.”

Baba hakuwahi kutunong’oneza. Aliikumbatia nguzo, jasho likimtiririka, nami nikadhani anamzuia yule mtu asitoke. Nikajikojolea. Wekesa alipokanyaga chini tu, nguzo ilikatika, mchwa wakamwagikia viatu vya Baba.

“Mama, kuna nani humo?” binti yangu aliuliza.

“Nyamaza,” nikanong’ona. “Nisikie.”