Kumfikisha Josia Kishanda

Nilifunga safari kwa sababu mdogo wangu Josia alitaka kumwona mama yetu kabla hajafa, na anayekufa hapo ni Josia, siyo mama. Mama alikuwa na nguvu zake kule Kishanda, bado analima. Josia ndiye aliyekuwa anakwisha. Alikuwa mchuuzi wa samaki visiwani upande wa Muleba, kijana wa maneno mengi na mashati mazuri, na wenzake walipomleta Bukoba kwa mtumbwi wa injini nilimtambua kwa sauti tu. Hospitali walimpima, wakanivuta pembeni, wakaniambia kwa upole nimpeleke nyumbani. Miaka ile maneno hayo hayakuhitaji kufafanuliwa. Vita vilikuwa vimepita, tukadhani tumemaliza kuzika, ndipo ukaja ugonjwa huu ambao watu wetu waliuita Juliana, jina la mashati ya magendo, kana kwamba ukiupa jina la nguo utapungua ukali.

Kabla sijaondoka Bukoba niseme habari za gari, maana ndugu wengi huniuliza kama linafaa kwa familia. Linafaa. Ni stesheni wageni, la chini kama magari ya mjini, ila lina mkono mdogo kando ya gia. Ukiuvuta, magurudumu yote manne yanavuta. Mume wangu ndiye aliyelitaka, kisha akaniachia usukani, kwa kuwa anaogopa tope kuliko anavyoniogopa mimi. Linakunywa petroli bila huruma. Ukifungua dirisha la nyuma, vumbi lote la barabara linaingia kukaa nanyi. Matairi yote yanatakiwa yawe ya aina moja na yamelika sawasawa, la sivyo giaboksi inaanza kulia. Tulilinunua kwa ajili ya watoto na ibada ya Jumapili. Lakini viti vya nyuma vinalala, na jeneza likiingia mlango wa nyuma haufungiki, unafungwa kwa kamba. Kwa hiyo kila ukoo uliofiwa mjini ukawa unabisha hodi kwetu, maana Mhaya hazikwi ugenini, anarudishwa kwenye kibanja cha baba zake, kwenye migomba iliyomlea. Kuanzia Kanazi hadi Muleba watu wakalijua gari langu. Wakiona kamba kwenye mlango wa nyuma, wanaweka majembe chini.

Asubuhi tukapakia. Josia alikataa katakata kulazwa. Alitaka kukaa mbele kama mtu anayesafiri. Nikakubali, lakini nikaweka godoro lake nyuma, akichoka alale. Lilikuwa la sufi, gumu, likagoma kukunjwa, ncha yake ikabaki nje. Mume wangu akaufunga mlango kwa kamba, kwa lile lile fundo alilolizoea, akatuombea, tukaondoka. Wote tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Kanazi barabara ilikuwa na mashimo, nikaenda polepole. Wanaume waliokuwa wanaanika kahawa uani walisimama, wakavua kofia. Mbele kidogo wanawake waliokuwa wamebeba ndizi walizitua, wakakaa chini kando ya njia mpaka tupite. Josia alikuwa amezama kwenye kiti, blanketi hadi kidevuni, kwa hiyo yeye aliwaona ila wao hawakumwona. Akaniuliza nani amefariki huku. Nikajifanya nashughulika na shimo. Basi la kwenda Biharamulo likatupita, na abiria wa upande wetu wakageuza shingo wote pamoja, wakatazama nyuma ya gari letu, kisha wakanitazama mimi.

“Dada,” akasema Josia, “ni mimi.”

Nikasimamisha gari. Alikuwa halii. Alinieleza, akipumzika kati ya maneno, kwamba kufa amekwisha kukubali tangu kisiwani, hilo nisimsumbue nalo. Kitu kimoja tu hakukitaka. Hakutaka mama asikie kilio cha msiba wake wakati yeye bado yuko njiani anapumua. Alitaka aingie uani kwa mama, amwamkie, apokewe kama mtoto aliyerudi nyumbani, na apewe akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo kwetu hakuna anayeingia nyumba ya mtu asipewe. Zaidi ya hapo hakuwa na ombi.

Nikashuka, nikalifungua lile fundo, nikalipandisha godoro kwenye keria peke yangu huku nikijitukana kimoyomoyo. Mlango wa nyuma ukafungika. Lakini basi lilikuwa limeshatutangulia.

Muleba nilipita sokoni kununua maziwa. Ma Jeneroza, mwanamke wa kwetu anayeuza dagaa pale, aliacha meza yake akanijia mikono ikiwa mbele, akanipa pole ya msiba. Watu wa basi walikuwa wamesema wameliona gari la dada yake Josia, limefungwa kamba, na habari za ugonjwa wake zilikuwa zimeshafika sokoni. Akaniambia nisihangaike kutuma habari nyumbani, kwani jirani yetu Ta Ishengoma alikuwa sokoni, na aliposikia tu aliparamia baiskeli kwenda kuwaambia. Aliyasema yote hayo kwa wema kabisa. Ndipo Josia akainua uso dirishani akamsalimu kwa jina. Ma Jeneroza alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Maziwa nikayasahau.

Njia ya Kishanda inaacha barabara kuu na kuzunguka vilima. Baiskeli haizunguki, inakata bondeni. Mimi nilikuwa na injini, Ta Ishengoma alikuwa na njia fupi, na mvua ikaamua kuingia katikati. Udongo mwekundu ukalainika, magurudumu ya nyuma yakaanza kwenda yanakotaka. Nikavuta ule mkono mdogo. Kwenye mlima wa kwanza lori la ndizi lilikuwa limelala ubavu kwa ubavu na ukingo, utingo wanalisukuma; nikapita juu ya majani, gari limeinama upande wa Josia, na chini yake ni migomba ya watu. Nilisali kwa sauti. Josia akaniambia, “Ukiniua leo, Dada, utakuwa umewaondolea aibu wote.” Nikacheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha sikuwa ninacheka tena. Yeye akanishika mkono uliokuwa kwenye gia, nikaendesha hivyo hivyo hadi juu.

Kishanda tulisikia kabla hatujaona. Kilio cha kwetu kina namna yake, kinatoka kaya moja kinapokewa na nyingine, na siku hiyo kilikuwa kimetanda kilima chote. Tulikuwa tumechelewa. Nilitamani kugeuza gari, lakini ningemrudisha wapi? Njiani watu walikuwa wanakwenda tunakokwenda, wana mikungu ya ndizi, kuni, na matita ya nyasi za kutandika chini kwa wafiwa. Ta Ishengoma alikuwa amesimama kwenye lango la kibanja, baiskeli imeegemea mgomba, matope hadi kiunoni. Alimwona Josia kwenye kioo cha mbele, akakaa chini pale pale alipokuwa.

Nikamsaidia Josia kushuka. Alitaka kutembea, akatembea, mkono wake begani kwangu, mwepesi kupita kiasi. Ua ulijaa watu. Kilio kilikatika kipande kipande, wa mbele wakinyamaza na wa nyuma wakiendelea, mpaka kukawa kimya. Mama alikuwa amekalishwa kwenye nyasi, kitambaa kimetolewa kichwani. Josia akapiga magoti kwa shida, akamwamkia kwa Kihaya, maamkio ya mtoto kwa mzazi wake. Mama akamgusa uso, akamgusa masikio, akamgusa mabega.

Watu wakaanza kurudi nyuma, wengine wanatafuta watoto wao, wengine wanaulizia njia waliyojia. Naelewa. Miaka ile msiba ulijaza ua, lakini mgonjwa alikaa peke yake. Watu waliogopa kikombe chake, mkeka wake, hata hewa ya chumba chake. Mama alijifunga kitambaa chake, akasimama.

“Mmekuja kumlilia mwanangu,” akasema. “Yuko hapa. Kaeni mle naye.”

Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, akampa Josia kwanza. Josia akachukua, akatafuna. Kikapu kilibaki mikononi mwa mama, na kwa kitambo hakuna aliyenyoosha mkono. Ta Ishengoma ndiye aliyetoka langoni, na matope yake, akakaa karibu na Josia mpaka magoti yakagusana, akachukua akamwani kwenye kikapu kile kile. Alimwomba msamaha. Josia akamwambia baiskeli yake ina mbio kuliko gari la dada. Watu wakacheka kidogo, kwa woga, halafu mtu wa pili akaja, na wa tatu.

Jioni ile ndizi za msiba zilipikwa, zikaliwa. Kila aliyekuja na kuni alipita kumpa mkono. Mzee aliyemfundisha kusoma alimkumbusha utundu wake, mwanamke mmoja aliyewahi kuposwa naye akamkalia karibu na kumchambulia samaki, wakaimba nyimbo za kanisani, siyo zile za kuzikia. Josia alikula vijiko vichache tu, lakini alizungumza hadi sauti ikamkauka.

Asubuhi nikarudi Bukoba peke yangu, godoro nimeliacha chumbani kwa mama, Josia juu yake. Barabara ilikuwa imeanza kukauka na gari lilikwenda vizuri. Njia nzima nilikuwa nawaza wale wote niliowahi kuwabeba, ambao nyua zao zilijaa watu na wao hawakuona hata mmoja. Nilikuwa najivunia kwamba gari langu halijawahi kushindwa kumfikisha maiti kwao. Tangu safari hiyo, anayekuja kuniomba gari namuuliza kwanza kama kwao kuna mgonjwa, na Jumamosi nawapakia ndugu zake nawapeleka wakamwone. Wengine hukataa. Wengi huja.

Josia alifariki msimu wa senene. Nilipofika Kishanda ua haukujaa kama siku ile ya kwanza, na kilio kilikuwa kifupi. Nilimwambia mama kwamba nimeumia kuona watu wachache. Alikuwa anatandika nyasi, hakuinua kichwa.

“Walishakuja,” akasema. “Alikuwa anawasikia.”