Ruhusa za Marehemu

Siku ya kumaliza matanga ya kaka yangu, baba mdogo alisimama uani kwetu, Kasongo, akauliza nani amebaki na kitu cha marehemu, au marehemu amebaki na kitu cha nani. Nikatoa funguo za depo ya mchele, ambako kaka alikuwa mtunza mali na mimi karani. Shefu wa depo alizipokea mbele ya watu wote. Kwetu, baada ya hapo, marehemu haitwi tena katika shauri lolote.

Wiki iliyofuata tukaletewa usalama mpya wa ordinateri, ile kompyuta ya depo. Fundi alishuka kwenye pikipiki, akatufundisha kwamba kila mtu ataingia kwa jina lake na neno lake la siri, akiwa na ruhusa zake. Ruhusa zenyewe alizinakili kutoka orodha ya zamani, hakuuliza nani yuko hai, akaondoka. Mimi niliyebeba kazi zote mbili nikapewa ruhusa ya kutazama tu. Kaka yangu, aliye chini ya udongo, ndiye aliyeruhusiwa kutoa mifuko. Usalama huo wakubwa waliupigia makofi.

“Dada, ingia na jina ya marehemu,” shefu akaniambia. “Iko na ruhusa zote, na neno lake la siri fundi aliniachia. Yeye hatakasirika.”

Niliingia. Sitajificha: niliingia siku nne nzima, kwa kuwa lori lilikuwa likingoja.

Kisha watu wa Kabambare, lori lilikopeleka mchele, wakalalamika kwamba umefika pungufu. Wakubwa wakaja. Shefu akawafungulia ordinateri, akaweka kidole kwenye kioo.

“Muone wenyewe. Jina ya mutu aliyetoa mifuko ni hii.”

Wakatikisa vichwa kwa huzuni ya heshima, wakaandika jina la kaka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maiti imepakia lori namna gani.

“Ni mimi,” nikasema. “Mifuko yote ilipanda lori nikiona. Yaliyotokea njiani siyajui. Lakini aliyeandika ni mimi, na shefu ndiye aliyenituma.”

“Nyamaza, dada, utajiharibia bure,” shefu akasema. “Yeye hapotezi kitu tena.”

“Anapoteza jina.”

Sikutoka mlangoni mpaka wakalikata jina lake na kuandika langu. La shefu hawakuliandika. Fundi akapigiwa simu, akazifuta ruhusa za kaka kabla chai ya wakubwa haijapoa.

Wakamwambia afute na zangu.