Mke Mwenza Mwenye Mkia

Mjukuu wangu alipojifungua, alikuja kwangu Usoke nimlee uzazi wake. Nani mwingine angemlea? Nilimpikia uji wa pilipili manga, nikamkanda kwa maji ya moto, na mtoto nikambeba mimi mwenyewe. Dume! Kichwa kile kile cha marehemu mzee wangu. Siku hiyo hiyo nikamwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyowatania wajukuu.

Aliyenuna ni mbwa wangu. Ni jike, ndiye niliyebaki naye mzee alipofariki na watoto wakahamia Tabora mjini. Tulikuwa tunakwenda wote shamba, na jioni nikichambua mboga analaza kidevu juu ya mguu wangu. Sasa nikikaa na mtoto, anaingiza pua katikati yetu, anasukuma mkono wangu. Nikimfukuza, anageuka anatazama ukuta.

"Bibi, mke mwenzio kanuna," mjukuu akanicheka.

"Anune tu. Mume mwenyewe hana hata jino, tunamgombania cha nini?"

Tulifanya utani, mpaka siku mbwa alipoivuta kanga mkekani na mtoto yuko juu yake. Mtoto akabiringika, akalia. Hakuumia, ila mama yake alimnyakua, akanigeukia.

"Bibi, chagua. Huyo mbwa au sisi."

"Nitamfunga."

Nikamfunga kwenye bani, kile kibanda tunachokaushia tumbaku. Hakuwahi kufungwa maisha yake. Hakubweka, hakulia. Akakataa kula. Mimi nimekaa na mume mkali miaka mingi, najua anayesusa na najua aliyevunjika moyo. Huyu alikuwa amevunjika.

Nikawa nampelekea ugali na dagaa, namlisha kwa mkono, tena nakaa naye. Asubuhi moja nilikaa mpaka uji ukaungua jikoni. Mjukuu akanifuata, mtoto mgongoni.

"Kumbe aliyejifungua ni huyu!"

"Mjukuu wangu, wewe una mume, una baba, una mama. Huyu ananitegemea mimi tu."

"Na wewe, bibi, unaye nani?"

Mdomo wangu huu, ambao kijiji kizima kinauogopa, ukapuliza tonge la mbwa lipoe.

Kesho yake mwanangu, baba wa mjukuu wangu, akaja kuwachukua. Nilimbeba mume wangu mgongoni hadi stendi, sikukubali mtu anipokee. Basi likaondoka, mgongo ukabaki na jasho lake.

Nilipofika nyumbani nikamfungulia mbwa. Alirukaruka uani kama kichaa, mshindi. Jioni nikakaa kwenye kigoda, kanga ya mtoto mapajani. Walikuwa wameisahau, bado inanukia maziwa. Mbwa akaja, akainusa, akaanza kuisukuma kwa pua. Hata kanga tupu anaionea wivu!

"Weye, koma," nikamwambia.

Kanga sikuitoa. Nikamsogezea mguu mmoja, akalaza kidevu.