Tende ya Mara ya Tatu

Mama yangu alikuwa hamwamini mtoto anayepokea chakula akikaribishwa mara moja. "Huyo kwao hapana watu," alikuwa akisema, na kwa mama yangu, aliyezaliwa na kuolewa Unguja kabla ya kuletwa Maskati, hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Mtoto aliyelelewa hukaribishwa, akasema ahsante, nimeshiba. Hukaribishwa tena, akasema ahsante, akatazama chini. Mara ya tatu mwenye nyumba huapa, "Wallahi utakula," na hapo ndipo mkono unaponyooshwa, tena kwa kipande kidogo kilicho karibu naye. Sisi sote tulilelewa hivyo. Mpaka leo nikialikwa Qurum, kwenye majumba yale ya karibu na pwani, hurudi na njaa, kwa sababu wenyeji wa siku hizi wanakukaribisha mara moja kisha wanarudi kwenye simu zao.

Nilipostaafu ualimu niliigeuza majlisi ya marehemu mume wangu, chumba chake cha kupokea wageni, hapa Ansab, kuwa darasa la alasiri. Majlisi ilikuwa imekaa bure na mimi nilikuwa nimekaa bure, na kukaa bure hunitia ukali. Walikuja watoto wa Wakenya wanaosafisha nyumba, wanaolinda mageti, wanaosuka nywele, na wachache wa kwetu ambao mambo yao yamekwenda kombo. Wengi walitoka moja kwa moja shuleni, jasho likiwatiririka, mashati yamewatoka kiunoni. Kwao ni chumba kimoja nyuma ya jumba la mtu. Hakuna meza, na mama akirudi kazini hana nguvu hata ya kuvua viatu, seuze kumsikiliza mtoto akisoma. Nilipata watoto waliopandishwa madarasa miaka yote, na sentensi moja hawawezi kuimaliza. Kila siku nilipandwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, basi nikawa naugombeza ubao.

Mama naye akajipa kazi. Alikuwa hawezi tena kusimama kwa muda, akawekewa kiti mlangoni mwa majlisi, sahani ya tende mapajani, na hakuna mtoto aliyepita bila ya kukaribishwa. Wapya walikuwa wakidaka tende kabla hajamaliza kusema karibu. Mama alikuwa akiivuta sahani, anawafunza upya.

"Mama, hawa watoto wameshinda na njaa," nikamwambia siku ya kwanza. "Wape wale."

"Njaa inakwisha kwa tende moja," akanijibu. "Ukosefu wa adabu hauna dawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mama zao wako makazini. Basi nnawafunza mimi. Wewe fundisha hesabu zako."

Nikamwachia. Nani amewahi kumshinda mama yangu?

Mwanafunzi aliyemshika mama moyo alikuwa msichana mmoja wa Kikenya, mwembamba, macho makubwa, ambaye peke yake hakuwa na sare. Hakuwa na shule. Baba yake alikuwa fundi wa magari hapa. Karakana ilipofungwa akaenda kutafuta kazi nchi nyingine, simu zikapungua, kisha zikakatika, na ada ya shule ikakatika nazo. Mama yake akabaki anasafisha nyumba moja mtaa wa pili na wetu, na mtoto akabaki chumbani, nyuma ya nyumba hiyo. Alianza kuja kwangu akiwafuata watoto wa jirani, akikaa nyuma yao na kusoma vitabu vyao juu ya mabega yao. Nilipomgundua alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko wenye vitabu. Siku hiyo niliingia jikoni nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Na adabu za mama yangu alizishika kuliko wote. Mama alikuwa akimkaribisha kwa makusudi, mbele ya wenzake, ili waone. "Ahsante bibi, nimeshiba." "Karibu, mwanangu." "Ahsante bibi." Mikono nyuma, macho chini, na mimi nikisikia tumbo lake likinguruma kutoka ubaoni. "Wallahi utakula!" Basi anachukua moja, ndogo, ya pembeni, na mama yangu anachanua uso kama aliyezaa yeye.

Jioni moja mama wa yule msichana alinijia, amesimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Mwalimu, nimeamua nimpeleke Kenya kwa nyanya yake," akasema. "Huku anakua tu hivi hivi. Mudira wangu, yule mama mwenye nyumba, ameniambia khalas, basi, mtoto asionekane tena pale kwa nyumba."

"Nyanya yake anamjua?"

"Hajawahi kumuona. Na ni mzee, macho haoni vizuri. Lakini huko kuna shule." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikienda na yeye, nani atatulisha? Nikibaki, sijui nitamuona tena lini. Akipata shule hapa, mwalimu, nitapigana. Nitalala hata nje. Lakini bila shule siwezi kumkalisha."

Nilizunguka mji. Nilibisha milango ya watu niliowahi kuwasomeshea watoto, na wengine niliwatia aibu mpaka wakanipokea. Mwishowe shule moja ya binafsi ikasema inayo nafasi ya msaada kwa mtoto mmoja. Mtoto aletwe, mwalimu mkuu amwone, amsikilize akisoma kidogo, na akiweza ataanza na watoto wa umri wake. Nikamwambia mama yake kwamba mtoto atashukia kwangu kila mchana, atakula kwangu, atalala kwangu akitaka. Yule mwanamke alipiga magoti kwenye ngazi zangu. Nikamgombeza ainuke.

Tulisoma kila alasiri mpaka sauti ikatukauka. Nilimnunulia begi la shule la buluu, nikajua naharakisha mambo, nikanunua hivyo hivyo. Asubuhi ya kwenda, mama yangu alimwita kitini pake, akamtengeneza ukosi, akamsomea dua, akampulizia kichwani.

"Unakwenda kwa watu wakubwa," akamwambia. "Usituvunjie heshima. Ukakumbuke nilivyokufunza."

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa kigeni, mpole, mwenye sauti ya chini. Alitushukuru kwa kuja, akamshika mtoto mkono, akafunga mlango. Mimi na mama yake tukabaki kwenye viti vya nje. Hawakukaa sana, na nikafurahi. Mtoto anayejua, nilijiambia, hahitaji muda.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu akaniita pembeni akasema mtoto anapendeza, ana heshima isiyo kifani, lakini bado hajawa tayari. Nikamuuliza hayuko tayari vipi. Akasema hakutaka kusoma. Nikadhani nimesikia vibaya, lakini tayari alikuwa akisalimiana na mzazi mwingine.

Ndani ya gari mama yake alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Nikageuka nyuma.

"Alikupa kitabu?"

"Ndiyo, mwalimu. Aliniuliza kama ningependa kumsomea. Nikamwambia hapana, ahsante." Alikuwa amekaa wima, anatabasamu, begi mapajani. "Akanionyesha kingine, chepesi. Akauliza tena kama ningependa. Nikamwambia hapana, ahsante, nikaangalia chini."

"Kisha?"

"Kisha akafunga kitabu. Nilingoja aape, mwalimu. Hakuapa."

Sikuweza kuendesha. Niliegesha gari pembeni, chini ya ukuta wa shule, kiyoyozi kikivuma, na yule mtoto akatutazama mmoja mmoja, tabasamu likimtoka taratibu. Hakuna aliyemweleza kitu. Alielewa mwenyewe, nikamwona anavyoelewa, na nilitamani Mungu angenipofusha kabla ya kuuona uso ule.

Nilirudi pale peke yangu kesho yake. Nilimweleza mwalimu mkuu habari ya tende, ya kukaribishwa mara tatu, ya kiapo. Nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika ndani ya ofisi ile yenye michoro ya watoto ukutani: kisa cha kuchekesha cha watu wa kale. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa dhati. Lakini nafasi alikuwa ameshampa mtoto mwingine, naye pia masikini, naye pia ana mama. Angemtoa vipi? "Mwakani," akasema. Nikampandishia sauti, nikamwomba, nikampandishia tena. Niliondoka bila ya kuaga, mimi mtoto wa mama yangu.

Mwakani haikuwa na maana. Mudira alitaka mtoto aondoke sasa, na mama yake hakuwa tena na cha kupigania. Kulikuwa na mwanamke wa kwao anayerudi Kenya, akakubali kumchukua. Mama yangu nilimwambia shule imejaa. Ana umri wa kuambiwa kwamba shule imejaa, na nani angefaidika kwa kumwambia zaidi?

Alasiri ya mwisho msichana alikuja kuaga. Watoto walikuwa wameshakaa juu ya mazulia na vitabu vyao. Mama yake alisubiri nje kwenye teksi. Alisema akiingia atashindwa kutoka. Mtoto alikuwa amevaa nguo ya safari, na begi la buluu mgongoni.

Mama akamnyooshea sahani. "Karibu tende, mwanangu."

Msichana akanyoosha mkono papo hapo. Akachukua moja, akachukua nyingine, akajaza kiganja mpaka ikaanguka moja sakafuni.

"Khe!" akasema mama yangu. "Mara moja tu? Mimi sijaapa bado!"

"Huko niendako, bibi," akasema, "sijui kama kuna mtu wa kuniapia."

Mama hakucheka. Akanigeukia mimi. "Nani kamfunza hivi mtoto wangu?" akauliza. Jibu nilikuwa nalo, na mimi ninayejibu kila mtu nililimeza. Nilichukua sahani mapajani pake, nikalifungua lile begi la buluu mgongoni mwa mtoto, nikamwaga tende zote ndani, nikafunga zipu.