Vidole vya Msusi

Msusi alikuwa na mikono ya kupigiwa foleni. Nywele ngumu kama waya zililainika kwake, na mdomo wake nao haukujua likizo. Mteja aliondoka na mistari safi kichwani na umbea wa mtaa mzima masikioni.

Alipotolewa uvimbe wa titi na kuanzishiwa dawa ya saratani kwa dripu, kaka yake mkubwa ndiye aliyempeleka hospitali. Kila safari daktari alimtazama kaka mtu na kumuuliza dada anaendeleaje. Kaka akajibu anaendelea vizuri, anakula, analala. Msusi kakaa katikati yao kama mzigo unaosubiri kupakiwa.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole. Alidhani ni uchovu. Kisha kitana kikaanza kumponyoka, na siku moja alimvuta mtoto wa watu nywele mpaka akalia, yeye mwenyewe hajasikia kitu. Alipomweleza kaka, kaka akainamisha kichwa. Ndipo siri ikamtoka: daktari alishamwonya tangu mwanzo kwamba dawa hiyo hutia ganzi, ikianza tu waseme. Yeye akaona heri anyamaze, dada asije akaikataa dawa.

Msusi aliitunza hasira yake mpaka siku ya kliniki. Mlangoni kwa daktari alimwambia kaka abaki kwenye benchi. Ndani, aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Titi lilikuwa langu, na vidole ni vyangu. Mbona habari zake mnampa mwingine?"

Daktari alijitetea kwamba familia nyingi hupenda hivyo.

"Familia haichomwi sindano. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha. Nilifichwa."

Daktari alimgusa vidole kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, akakunja uso. Dawa ilibadilishwa siku hiyohiyo. Angejua mapema, daktari alikiri, huenda ganzi yote ingeondoka. Sasa hana uhakika.

Miezi imepita. Gumba limerudi, vingine nusunusu. Mistari myembamba haiwezi tena. Husuka mabutu, na maharusi wamehamia kwingine. Kaka huja na matunda, huomba radhi, naye humpa kiti. Juzi alimuuliza dada yake, daktari kasemaje.

"Kamuulize," msusi alisema. "Si mnajuana?"

Akaendelea kumenya chungwa, polepole.