Utepe wa Rangi ya Mdalasini

Asubuhi hii nimevunja kijiti cha mdalasini juu ya sufuria ya chai, na harufu yake imenirudisha Bondeni, uani kwa nyanya. Idi ilikuwa kesho yake, na upepo ulikuwa umeupeperusha utepe wangu mpya kutoka kwenye kamba ya nguo. Nikauona ukining'inia mkomamangani, rangi ile ile ya mdalasini. Nikapanda juu ya kigoda, nikanyoosha mkono niuvute.

"Simama papo hapo!" nyanya akaninong'oneza. "Tangu lini utepe ukawa na macho?"

Nikatizama vizuri. Ndani ya kiota kidogo kama kikombe cha kahawa alikaa ndege mwenye kichwa cheusi na pete ya buluu jichoni. Nilichotaka kuvuta kilikuwa mkia wake, mrefu kuliko mwili wote. Mkono wangu ulikuwa umebakisha shubiri moja, naye hakuruka. Alinitizama tu.

"Ana mayai," nyanya akasema. "Na ni dume huyo, mama. Wala haoni haya kulalia."

Nikashuka kimya, pumzi nimezibana.

Siku ya Idi nilifungwa nywele kwa uzi. Kila aliyeniuliza utepe uko wapi, nilimjibu kuwa umelalia mayai.