Madaftari Saba ya Domitila

Tulipokuwa wadogo kule Bukoba, mama aliitumia sauti ya mdogo wangu Domitila badala ya kengele. Ng'ombe wamepitiliza, baba yuko kilabuni, mtoto kapotea migombani: Domitila alisimama mlangoni, akaita mara moja, wote wakarudi. Baadaye aliolewa Kampala, akawa mwalimu wa chekechea, na sauti ileile ikampa riziki. Mwezi wa tatu aliponipigia simu akisikika kama mtu anayeburuta gunia sakafuni, nilimtania kwamba ameanza kuvuta sigara. Mwezi wa saba niliacha kutania, na mwezi wa kumi nikakata tiketi.

Sababu yenyewe hatukuitaja kwenye simu, mimi wala yeye. Marehemu baba alianza hivyohivyo. Sauti ilikwaruza, akanywa tangawizi, akasingizia vumbi la kahawa, na mwaka haukuisha tukamzika. Ilikuwa saratani ya koo. Nilimwambia Domitila kwamba nakuja kusalimia tu, kwa wiki moja, nikafunga mkebe wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Uganda nako senene wapo, ila hawajui kuwakausha kama sisi, na maneno hayo nitayasema hata mbele ya mahakama.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa stendi, mwenye haraka peke yangu. Mimi ni karani wa masijala mstaafu. Miaka thelathini na moja nimeshika mafaili ya watu, na ugonjwa niliotoka nao kazini ni kutaka kila jambo liwe na tarehe na mahali pake.

Saa tatu tulikuwa mpakani Mutukula. Afisa wa Uganda aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikasema kutembelea mgonjwa. Akauliza anaumwa nini. Nikasema hicho ndicho ninachokwenda kuuliza. Akagonga muhuri bila kucheka.

Kutoka Kyotera nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kichwani: mtu akiumwa Kampala, ugonjwa usio wa kukimbizwa na gari la wagonjwa, anaanzia wapi?

"Kampala dawa iko kila mahali, ssebo," akanijibu. "Hakuna kona haina dawa. Shida ni mlango. Watu naingia mlango ya karibu, hapana mlango yake."

Tulipofika Lukaya akanunua ndizi za kuchoma dirishani, akanimegea, akasinzia. Nikabaki na milango yangu.

Saa tisa alasiri shemeji yangu Okello alinipokea Kampala. Ni polisi mstaafu, mtu wa Gulu. Yeye na Domitila walikutana kila mmoja hajui lugha ya mwenzake, wakaoana kwa Kiswahili, na mpaka leo nyumba yao chini ya kilima cha Kibuli inakwenda kwa Kiswahili cha kambini. Mgongo wake umenyooka kama bado yuko gwaride.

"Shemeji, karibu sana. Wewe nafika salama?"

Domitila alitoka mlangoni mikono imejaa unga. Akafungua kinywa kunisalimia, na kilichotoka kilikuwa pumzi. Nikacheka kwa nguvu kuliko ilivyofaa, nikamkabidhi senene. Moyoni nilimwona baba.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, tulipanda pamoja hadi kituo cha afya cha serikali. Nje ya lango palikuwa na mama aliyetandika madaftari ya shule juu ya meza, mengine yameninginizwa kwa vibanio vya nguo. Nilidhani ni ya watoto. Kumbe ndiyo mafaili ya Kampala! Huku mgonjwa hafunguliwi jalada linalobaki masijala. Anakuja na daftari lake, tabibu anaandika humo alichokiona na dawa alizotoa, na mgonjwa anarudi nalo nyumbani. Nilisimama pale nikiwaza kwa hamu ya mtu wa fani: historia ya mwili wa mtu, na mwenyewe ndiye karani. Nani angetuamini sisi Watanzania kwa kazi hiyo?

Domitila alinunua daftari jipya. Nikamuuliza kama hana la zamani. Akanong'ona kwamba limechafuka.

Ndani kulikuwa na benchi refu na watu waliozoea kusubiri. Zamu yetu ilipofika, tabibu, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita Musawo, yaani mganga, alilifungua daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Nnyabo, sauti naanza kupotea lini?"

"Wiki moja," akasema Domitila.

Nilimtazama. Wiki moja! Lakini kwetu humkanushi ndugu yako mbele ya mgeni, hata akisema jua limechomoza magharibi. Musawo akamulika koo kwa tochi, akaandika, akampa vidonge, akasema sauti isiporudi ndani ya wiki mbili arudi na kitabu chake.

Njiani nilinung'unika. Wala si dhidi ya dada yangu, bali dhidi ya kituo. Nilisema tochi gani hiyo, ya kutafutia kuku. Nilisema mtu anapata huduma kwa mlango anaouchagua, na sisi tumechagua vibaya. Hasira hunifanya nizungumze kama barua ya ofisi.

Basi siku ya nne tukaenda Ntinda, kwa daktari wa kulipia aliyesifiwa na jirani. Tulipita kwenye foleni ya magari inayoweza kumtoa mtu imani. Huko kulikuwa na makochi, runinga, maji baridi, na msichana wa mapokezi aliyetuita kwa majina yetu yote. Daktari alikuwa kijana mpole. Akauliza tangu lini.

"Wiki moja," akasema Domitila.

Akapewa vidonge vya rangi nyingine, na maneno yaleyale: ikizidi wiki mbili, mrudi.

Siku ya tano Okello alinichukua Katwe, ambako analinda karakana ya masufuria. Katikati ya ule mgongano wa nyundo na bati alikuwapo mwuza mitishamba mwenye kipaza sauti, chupa moja magonjwa arobaini. Nikajikuta nasikiliza kwa makini kama inahusu na koo. Okello akanishika kiwiko.

"Shemeji, twende. Wewe iko na masomo."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimefikia hapo. Mwoga hutafuta mlango hata ukutani.

Jumapili, wao wakiwa kanisani na mimi nimebaki na mafua, nilitafuta kalamu kwenye droo ya cherehani. Sikupata kalamu. Nilipata madaftari matano, safi, yamefungwa kwa utepe. Nitasema ukweli, sikupaswa kuyafungua. Lakini kumweka karani mstaafu peke yake na majalada yasiyopangwa ni kumjaribu bure. Kila moja liliandikwa ukurasa wa kwanza tu. Aprili, sauti kukwaruza, wiki moja. Juni, sauti kukwaruza, wiki moja. Julai, Agosti, Septemba, mihuri ya zahanati tofauti, wiki moja, wiki moja, wiki moja. Nikaongeza lile la kituo cha afya, na karatasi ya Ntinda ambayo nayo alikuwa ameipachika kwenye daftari jingine jipya, la peke yake. Yakawa saba.

Nilikaa chini. Madaktari saba, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja alimtibu mgonjwa wa wiki moja kama anavyotibiwa mgonjwa wa wiki moja. Mgonjwa wa miezi minane hakuna aliyewahi kumwona.

Waliporudi niliyaweka mezani, juu ya kitambaa. Okello aliyahesabu kwa kidole.

"Mama, hii yote ni nini? Mimi najua kitabu moja."

Domitila aliangalia sakafu. "Aibu, kaka," akanong'ona. "Daftari lenye madoa ya mafuta unampaje mtu aliyesoma? Na ukisema miezi wanakugombeza, ulikuwa wapi siku zote."

Ni kweli kwetu tulilelewa hivyo, kwenda kwa mkubwa na kitu safi. Niliamini jibu hilo bila kuyatazama tena madaftari yenyewe, tena nilimhubiria. Nilimweleza kwamba kumbukumbu chafu ni bora kuliko kumbukumbu mpya, kwamba jalada ni mnyororo, na mengine ambayo ofisini walikuwa wakiyakimbia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu saa moja asubuhi tulirudi kituo kilekile, safari hii Okello mbele. Mama wa madaftari langoni alimnyooshea Domitila jipya kwa mazoea. Domitila alisita, mkono ukaenda nusu, kisha akaushusha.

Musawo aliyapokea yote saba. Aliyapanga juu ya benchi kwa tarehe, moja baada ya jingine, kama anacheza karata. Nilimpenda papo hapo. Kisha akakaa karibu na dada yangu badala ya kukaa upande wake wa meza.

"Mama, mimi hapana gombana. Wewe mwenyewe nasema. Hii kitu naanza lini?"

Domitila alinitazama mimi, akamtazama mumewe. Mgonjwa aliyefuata akachungulia mlangoni.

"Mwezi wa tatu," akasema.

"Webale," akasema Musawo, asante. Akaandika haraka. "Sauti kama hii, ikipita wiki tatu, tochi yangu hapana fika. Mimi nakupa barua. Unaenda hospitali kubwa, lakini hapana siku yoyote. Unaenda siku ya koo na masikio, na barua, na vitabu yote. Bila barua utalala kwa benchi. Na barua, watu nakungojea."

Nikamuuliza, kwa aibu yangu, kwa nini tusingeanzia huko huko hospitali kubwa.

"Mzee, kule juu ni ya watu tumepeleka. Sisi hapa ndiyo tunajua nani wa kupeleka. Lakini mtu akikuja na ugonjwa ya wiki moja, mimi napeleka nini?"

Siku ya koo na masikio ilikuwa Jumatano. Daktari bingwa alipitisha kamba nyembamba yenye taa puani mwa Domitila, na kwenye kioo tukaona nyuzi za sauti, nyeupe, zikifunguka na kufunga. Sikujua kwamba kuna kitu kizuri hivyo ndani ya mtu. Kwenye uzi wa kushoto palikuwa na kinundu. Daktari alisema ataking'oa, kitapelekwa maabara, na kabla ya majibu hatasema neno zuri wala baya. Nilikuwa nimeaga kwetu kwa wiki moja. Nilikaa zaidi ya mwezi.

Siku kumi na mbili tulingoja kitanda. Operesheni yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha maharage. Aliporudishwa wodini aliamriwa asitoe sauti kwa wiki mbili, hata kunong'ona, kwa sababu kunong'ona, walitufundisha, kunakwaruza pia. Nyumba ikawa kimya. Okello, aliyezoea kupokea amri, alipokea za mkono na macho bila kosa. Mimi nilihesabu siku na kujifanya sihesabu. Usiniulize nilikuwa nasali nini.

Siku ya kumi baada ya operesheni daktari alituita. Alisoma majibu yeye mwenyewe kwanza, kimya, na nikamchukia kwa kila mstari aliousoma. Kisha akasema si saratani. Ni uvimbe wa watu wanaotumia sauti kupita kiasi, walimu na wauzaji sokoni. Okello alisimama wima akapiga saluti, chumba kizima kikacheka, naye hakujua kwamba ameipiga. Domitila alilia bila sauti, kama alivyoamriwa.

Siku mbili baadaye, saa moja asubuhi, alinisindikiza stendi ya mabasi. Amri ya kimya ilikuwa bado na siku mbili. Tulikaa kwenye benchi, na mimi nikarudia hotuba yangu ya madaftari, kwamba sasa awe nalo moja tu, lichafuke litakavyo. Akatoa simu, akaandika kwa kidole, akaifuta, akaandika tena. Akainyanyua mbele ya macho yangu.

"Nilikudanganya kuhusu madoa. Ugonjwa wa baba ulikuwa na miezi. Wangu, kila nikinunua daftari jipya, ulikuwa na wiki moja tu."

Miaka thelathini na moja nimewagombeza watu kwa kupoteza majalada, na hata siku moja sikumuuliza mtu kwa nini amelipoteza. Nilimshika mkono hadi basi lilipoanza kupiga honi.

Nimerudi Bukoba. Watu wa mtaani wakisikia nimekaa Kampala muda mrefu huniuliza hospitali ipi ni nzuri, na hukasirika kidogo nisipowapa jina. Nawaambia waanzie karibu, wachukue barua, waulize siku ya kliniki. Halafu namuuliza mgonjwa mwenyewe imeanza lini. Akinijibu upesi kwamba ni wiki moja, simkanushi. Nasogeza kiti, natengeneza chai, nakaa naye mpaka atakapoweza kunijibu tena.